Lenzi Uliyoniachia

Murangi,
Musoma.
6 Septemba 1984

Mpendwa Kaka Renatus,

Shikamoo. Habari za Mlimani na masomo? Kifua kimepona? Huku tunapumua, ila mama mguu bado unamsumbua. Barua yako ya somo la mwanga na joto ilifika. Nimeisoma hadi karatasi imelegea.

Kaka, kaa kwanza. Juzi Jumanne ghala la Mzee Wanzagi liliungua, udaga wote wa mihogo, na mbuzi wawili waliofungwa ubavuni. Walilia kama watoto. Aliyelichoma ni mimi.

Uliniambia nipime fokasi ya ile lenzi uliyoniachia, pale miale ya jua inapokutana. Niliibana kwenye kijiti kilichopasuliwa, pale kivuli cha ghala kinapoishia, kitone cha jua kikakaa juu ya nyasi. Mama akaniita nikachote maji. Niliporudi moto umeshapanda paani. Nikapiga yowe.

Unajua yowe la kwetu: kila mwanaume anatoka na rungu, na asiyepiga anahesabiwa mwenza wa mhalifu. Wakamkamata Masatu, yule mvuvi aliyehamia juzijuzi, akipita na nyavu zake. Mfukoni wakamkuta na kiberiti. Dukani hatujakiona tangu Pasaka.

"Umekipata wapi, mlanguzi wewe?"

"Bunda, jamani! Nimenunua Bunda!"

Jirani yetu Bernado akamchapa kasia la uso. Mzee Wanzagi akanigeukia. "Esta binti yangu, ndiye huyu?"

Unanijua, Kaka. Mbele ya wazee nilikuwaga siinui uso hata nikisalimiwa. Niliinamisha kichwa tu. Wakasema binti amekubali.

Ndipo walipompiga kweli. Mkono wake nilisikia ukivunjika, kama kuni kavu. Jicho la kushoto limepasuka. Uliniandikia kwamba jicho nalo ni lenzi. Ukurasa ule nimeushona kwa uzi, siufungui tena.

Amelazwa Musoma. Jumamosi kijiji kinakutana kuchoma nyumba yake na kumfukuza mkewe na watoto. Bernado anatembea akicheka, "Kiberiti tunacho, cha kwake mwenyewe!"

Nimejaribu kuyasema peke yangu shambani, sauti haitoki. Basi nitabeba lenzi na konzi ya nyasi. Mkutano ni saa saba, jua la utosi. Nitawasha mbele yao wote, halafu nitainua uso.

Ukisikia kwamba yowe limepigwa tena Murangi, ujue ni mimi niliyepigiwa. Mama usimwandikie kabla sijamwambia mwenyewe.

Nisalimie Shangazi Dorkas na Gati. Mungu akutunzie macho yako yote mawili.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Esta