Pilau ya Siku ya Matokeo

Mama Brayan,

Umekaa huko mpaka umetusahau? Tangu tulipokusafirisha ndani ya sanduku kwenda kuzikwa kwenu Kenya hujanijia hata ndotoni, na mimi kila nikilala nakuachia upande wa ukutani, pale ulipozoea kujinyoosha ukichoka na masoko. Huna adabu. Nasema mimi, anaandika mwanangu Salma, na nimemkataza kupunguza neno.

Uchaguzi wenu umepita. Wakenya wa mtaa wetu huu wa Xiaobei, huku Uchina, walijazana mgahawani kwa Salma, kila mtu na simu yake, kila mtu amejifanya tume. Huyu anajumlisha, yule anatoa, wa tatu anasema hesabu zenu wote uongo. Mimi Mtanzania nikakaa na ungo wangu wa mchele nikawashangaa. Kwetu tunangoja redio iseme. Nyinyi mnahesabu mpaka mnaumwa. Ilipofika saa ya kutangaza pakawa kimya, hata yule Mchina muuza mboga akachungulia mlangoni akauliza nani kafa. Wewe ungemjibu kitu, tukacheka.

Basi nilikuwa nimepika pilau. Kwetu watu wakijaa unapika pilau, huulizi wamejaa kwa lipi. Mshindi akatajwa, nusu ya watu wakaruka, na mimi palepale nikaingia na sinia. Laiti ungekuwepo unishike mkono. Mwanao alikuwa upande ulioshindwa. Aliniangalia kama nimemtemea mate. "Shosho," ndilo neno lenu la bibi, "hata wewe unasherehekea kushindwa kwetu?" Akatoka. Akahama hata kile chumba alichokuwa analala na Ouma, Ouma yuleyule uliyemnunulia koti la baridi, kwa kuwa Ouma alibaki akala.

Nikasema njaa itamrudisha. Haikumrudisha. Nikasikia anakula tambi za kumwagia maji moto, peke yake kwenye chumba alichohamia. Hapo nikavaa baibui langu, nikapanda lile ghorofa la Tianxiu mpaka kwenye ofisi yao ya mizigo. Nikamkuta anafunga maboksi, amekonda, shingo kama yako ulipokuwa unaumwa. Nikamwambia mbele ya wenzake: Brayan, siku tuliyompeleka mama yako uwanja wa ndege nilipika pilau hiyohiyo, sufuria hiyohiyo, ukala sahani mbili huku unalia. Siku ile alikuwa ameshinda nani?

Selotepu ilimganda vidoleni, akawa anaitazama tu.

Ijumaa akaja. Akasimama mlangoni kama mgeni. Ouma akasogea kwenye benchi bila kumtazama, akamsukumia kachumbari. Hawajasemezana mpaka leo. Lakini alikula, akakwangua sahani vilevile ulivyokuwa unakwangua wewe, na mimi nikaingia jikoni nikafungulia bomba ili wasinisikie.

Haya, pumzika shoga yangu. Uchaguzi mwingine ukinikuta hai nitapika mapema, wote washibe kabla mshindi hajajulikana. Na mwanao nitamlisha mimi, anune asinune, mpaka mkono ushindwe kushika mwiko.

Ukija ndotoni, usianzie kwangu. Pitia kwa Brayan kwanza, umtoe kwenye kile chumba cha upweke, umwambie arudi kwa Ouma. Kisha njoo, upande wako wa ukutani upo. Na uje na njaa.