Nimefuata Dawa ya Kuku

Baba Agripina,

Ukitoka kunywesha ng'ombe, mtoto yuko kwa mama yako, kamchukue. Uji wake uko kwenye chupa ya chai, upoze kwanza. Mama nimemwambia nimefuata dawa ya kuku Singida mjini. Usije ukaniharibia maneno.

Dawa yenyewe unaijua. Hapa Ilongero muuzaji ni dada yako, na Mama angeshajua kabla sijaimeza.

Nyie watu wa alizeti! Mlango ukilia, mafuta. Miguu ikipauka, mafuta. Jana ukaipaka mpaka kondomu, ndiyo maana ikapasuka. Nesi alishatuambia mafuta yanaharibu mpira. Ningekucheka, ila tangu alfajiri nahesabu saa.

Asubuhi nimekuambia naogopa. Ukachukua fimbo yako ukasema, "Mungu akileta, tutalea." Utalea na nani? Siku ile naongezewa damu baada ya kumzaa Agripina, wewe ulikuwa nje kwenye benchi. Mimi ndiye niliyemsikia daktari akisema kizazi hakijapona, mimba nyingine mapema hivi inaweza kuniua. Na vidonge hivi vya kuzuia mimba vikichelewa havisaidii, ndiyo maana sikukungoja.

~~Kama hutaki, nipigie kabla bodaboda haijafika mjini.~~

Usinipigie. Nikisikia sauti yako nitageuza, na leo naogopa kaburi kuliko ninavyokuogopa wewe.

Kikaratasi hiki kitie motoni. Agripina akilia, mwambie mama anarudi.

Mama yake