Chanjo ya Shija

Wifi yangu mpendwa,

Sijui nikusalimie kwa uso gani. Miaka imepita tangu urudi kwenu Busisi, na siku hizi mtu anavuka darajani kwa dakika chache tu, kwa hiyo siwezi kusingizia foleni ya pantoni. Nimeogopa, basi. Barua hii naiacha wazi makusudi, ipite kwanza mikononi mwa kila aliyekusema vibaya hapa Igoma.

Unakumbuka ulivyoolewa kwetu? Mimi nilikuwa nimejipanga kukununia. Siku ya kwanza tu ukanipokonya kisu jikoni: "Wifi, huyo sato unampara au unamkuna?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tangu siku ile kaka yangu akawa kama mgeni kati yetu.

Halafu Shija akazaliwa, akafikisha miezi tisa korona ikiwa imepamba moto. Kina mama wengi waliogopa hata kupita karibu na zahanati. Na chupa moja ya chanjo ya surua inatosha watoto kumi. Ukishaifungua, isipoisha ndani ya saa chache, unaimwaga. Kwa hiyo sisi manesi tulikuwa na desturi yetu: hatufungui mpaka watoto wafike wa kutosha. Siku uliyomleta mlikuwa watatu. Nikakwambia, "Rudi Alhamisi, wifi." Alhamisi ukafunga tena genge lako la dagaa, ukaja, barakoa imelowa jasho. Mlikuwa wawili. Ukanitania, "Hiyo chupa unaibania utadhani ya harusi yako!" Tukacheka. Nikakurudisha tena, na sikuandika popote kwamba ulifika. Mara ya tatu hukuja, nami sikukufuata, ilhali mlango wenu nauona kutoka dirishani kwangu.

Surua ilimkuta Shija ameshaanza kukimbia. Ee Mungu wangu, yale macho mekundu, ile pumzi! Hakumaliza hata wiki.

Msibani Mama alishika kadi ya kliniki, akaonyesha pale patupu. "Mama gani huyu hampeleki mtoto chanjo?"

Ukasema, "Nilimpeleka, Mama. Muulize wifi."

Watu wote wakanigeukia, nesi wa familia. Nikasema, "Sikumbuki kumwona."

Nilisema hivyo, wifi. Na nilikuwa nakumbuka hata rangi ya kitenge ulichombebea. Niliogopa kuharibikiwa kazini, nikaogopa macho ya Mama, nikakutupia wewe mzigo wote mbele ya jeneza la mwanao. Kaka hakukutukana wala kukutetea, mpaka ukafungasha.

Watoto waliorukwa kipindi kile bado tunawatafuta nyumba kwa nyumba. Juzi akaja binti mmoja na mtoto wake, wako peke yao, kadi tupu. Siku hizi tunafungua chupa hata kwa mtoto mmoja, nami nikafungua. Nilishindwa kumchoma, mpaka mwenzangu akanipokea sindano. Akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo.

Uongo mwingine tena! Hapo nikajichoka kabisa. Nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja kwa Mama, kaka naye yupo, nikawaambia yote. Kaka alitoka nje bila viatu. Mama akaniuliza, "Na ulikuwa unapika naye chungu kimoja?" Tangu hapo haitikii shikamoo yangu. Nimeyataka mwenyewe. Kaka anasema atakuja huko kwenu. Moyo wako usipotaka, usimfungulie.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Jumapili navuka. Usiponikaribisha sitaingia ndani, nitasimama hapo uani, mbele ya baba yako na mama yako na majirani watakaokuwepo, niseme kwa mdomo wangu: alikuja, mara mbili, na aliyemrudisha ni mimi.

Ni mimi, wifi yako,
shangazi yake Shija