Upepo wa Tairi za Mkokoteni

Mkushi, Zambia

Dada yangu Paskalina,

Shikamoo. Najua umeitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni. Hujambo lakini? Goti lile limetulia? Na Mama, kifua chake kinaendeleaje? Mimi ni mzima kabisa, nakula, nalala, na baridi ya huku nimeizoea. Mtu aliyezaliwa Mbulu akilalamikia baridi ya Zambia atachekwa.

Utashangaa kupata barua wakati tunaongea kwenye simu kila Jumapili. Dada, kuna jambo la miaka mingi nataka unisamehe. Kwenye simu nimejaribu mara tatu, na mara zote nimeishia kuuliza habari za mahindi. Kwa hiyo nimeandika, nikampa dereva wa lori anayepanda kwenda Arusha, naye ataiacha dukani kwa Mzee Salimu pale stendi. Isome mwenyewe. Usimpe mwanao Neema akusomee kwa mbwembwe zake.

Kwanza nikueleze kazi, maana kila siku unaniuliza na mimi nakujibu "mashine tu". Shamba hili la ngano linamwagiliwa na mtambo unaoitwa pivoti. Ni bomba refu sana lililobebwa juu ya miguu saba ya chuma, na kila mguu una tairi mbili na mota yake. Upande mmoja umefungwa katikati ya shamba, kwa hiyo bomba linazunguka taratibu likinyunyiza maji, kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Na lina tabia moja: mguu mmoja ukikwama, mtambo mzima unasimama. Hakuna mguu unaokwenda zake ukamwacha mwenzake kwenye tope. Shika hilo.

Mwaka huu tairi za zamani zilikwisha kabisa. Meneja akaniita akasema, "Emanueli, wewe ndiye unayeshinda kwenye tope, basi chagua." Zilikuwepo za aina tatu. Kulikuwa na tairi za lori zilizotumika, rahisi, lakini ngumu, zinachimba mitaro shambani. Kulikuwa na nyembamba ndefu, ambazo kwenye udongo mwekundu zinakwenda vizuri tu. Halafu zile pana, zenye meno makubwa, ghali kuliko zote. Sasa nusu ya shamba letu ni udongo mweusi, ule ule wa bondeni kwetu, unaonata mpaka unakuvua viatu. Nikakumbuka ulivyong'oa magurudumu ya pikipiki kwenye mkokoteni wako ukaweka ya gari, na watu wa kijijini Bonga wakakucheka kwamba punda anavuta teksi. Nikasema, pana.

Meneja aliniangalia akasema, "Sawa. Lakini ikikwama, nitakuuliza wewe." Mkataba wangu ulikuwa unaisha mwezi huu, Dada. Nilielewa vizuri alichosema.

Tulizifunga mimi na Chanda, mwenzangu anayejua Kiswahili cha soko la Tunduma. Siku mbili mtambo ulitembea vizuri, mimi nikatembea kifua mbele kama jogoo. Siku ya tatu mguu wa nne ukaingia kwenye udongo mweusi, tairi zikazunguka palepale, zikazama. Mtambo mzima ukasimama. Maji yakakatika, na ngano ndiyo kwanza inatoa masuke.

Meneja akaja na gari. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Chanda akasema, "Kaka, tuite trekta ivute." Kuvuta kwa trekta kunapinda chuma, kila mtu anajua. Nikasimama kwenye tope, nikijiona tayari kwenye basi la kurudi nyumbani mikono mitupu. Halafu nikakuona wewe.

Sasa ndiyo nafika kwenye jambo lenyewe.

Nilikuwa kidato cha tatu. Mvua ilikuwa imenyesha, tumetoka shule, tuko wanne, mashati meupe. Kwenye ile njia ya bondeni mkokoteni wako ulikuwa umekwama, umejaa madumu ya maji, na wewe tope mpaka magotini. Wenzangu wakaanza kucheka, "Muone mama wa punda!" Mmoja akaniuliza, "Unamjua?" Nikasema, "Simjui." Nikapita, Dada. Nilipita umbali wa hatua kumi, na ulikuwa umeinua uso.

Mbele kidogo nikajifanya nimesahau kitu, nikarudi peke yangu nikajificha kwenye mahindi. Wala si kukusaidia. Nilikuwa natazama tu. Nilidhani utampiga punda. Hukumpiga. Uliinama ukachukua kijiti, ukabonyeza valvu, ukatoa upepo kidogo tairi hii, kidogo tairi ile, mpaka zikalala chini zikatanuka. Ukamshika punda shingoni ukamwambia maneno ambayo sikuyasikia, na mkokoteni ukatoka.

Jioni ulinipakulia ugali na mlenda, ukaniuliza kitu kimoja tu: "Umeshiba?" Hukusema lolote siku ile, wala mwaka ule, wala siku uliyonisindikiza stendi kuja huku. Na ni mkokoteni ule ule ulionisomesha.

Basi pale shambani nikashtuka. Nilikuwa nimezijaza zile tairi upepo kwa mazoea ya tairi za lori, ngumu, ukigonga zinalia kama ngoma. Upana wake wote nilikuwa nimeuharibu kwa mkono wangu. Nikapiga magoti kwenye tope nikaanza kutoa upepo. Chanda akasema, "Kaka, umechanganyikiwa?" Nikatoa mpaka tairi zikatanuka, tukachimbua kidogo mbele, tukawasha. Mguu ukatetemeka, ukanyanyuka, ukatoka wenyewe bila trekta. Maji yakarudi, sote tukalowana, na sikuona haya kulia maana hakuna aliyejua yapi ni maji na yapi ni machozi. Tukazimaliza tairi zote kumi na nne. Baadaye nilifungua kile kitabu kilichokuja nazo, nikakuta kipimo cha upepo kimeandikwa ukurasa wa kwanza. Unaweza kunicheka, nakupa ruhusa.

Tangu siku hiyo haijakwama. Jana meneja alinipa mkataba mpya nikautia sahihi. Namshukuru Mungu, lakini kusema kweli nakushukuru wewe kwanza, Naye haoni wivu.

Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Siku ile mguu ulipotoka topeni, tukiwa bado tumelowana, meneja aliniuliza, "Umejifunza wapi hii?" Nikamwambia nimejifunza kwa mwanamke mmoja wa Bonga, mwenye punda. Akasema, "Unamjua?"

Dada, ni neno lile lile. Chanda amesimama pale, madereva wa matrekta wamesimama pale. Nikasema, "Namjua. Ni dada yangu. Ndiye aliyenilea."

Nilichelewa. Naomba unisamehe.

Nisalimie Mama, mwambie sweta lake ndilo navaa kila asubuhi. Shemeji Baba Neema mwambie nasubiri picha ya nyumba, na asipige ikiwa na matofali tu. Neema asome, na akiona mkokoteni umekwama aweke madaftari chini asukume. Babu katekista aendelee kuniombea. Punda naye mpe chumvi kidogo, mwambie inatoka Zambia.

Ni mimi, mdogo wake mama wa punda,

Emanueli