Ukoka Katika Bustani ya Marehemu

Nyumba ya pembeni,
Barabara ya Kiwanda cha Mbao,
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi za dada yako zikufikie popote zitakapokukuta, hata kama ni jikoni umeungua kidole kama kawaida yako. Hujambo? Shemeji hajambo? Wale pacha bado wanagombania kitanda cha dirishani? Mimi ni mzima, isipokuwa magoti. Siku hizi nikiyaambia tuinuke yananijibu jeuri.

Na kile kikohozi chako kilipona? Nimekuwa nesi mpaka nikastaafu, kwa hiyo usinidanganye kwenye simu.

Huku mambo ni yale yale. Redio naiwasha asubuhi mpaka nalala, wala siyo kwamba naisikiliza.

Sasa nikupe habari za bustani. Unazikumbuka zile nyasi za majani mapana alizopanda shemeji yako marehemu mbele ya baraza, shina moja moja, huku akitukataza tusizikanyage? Ukoka umeziingilia. Ulitoka kwa jirani, ukapita chini ya ukuta. Nikauona, nikasema ah, nyasi tu hizi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Nilipozinduka nikaung'oa, nikautupa kwenye shimo la mbolea nyuma ya jiko. Mvua zilipokaribia nikaichota mbolea ile ile, nikaimwaga bustani nzima, na maji nikamwagilia kwa mapenzi. Yaani mdogo wangu, niliupanda kwa mikono yangu mwenyewe! Bustani ikawa kijani hasa. Wifi yetu alipopita akanisifu, eti marehemu angeona angefurahi. Nikatembea kifua mbele wiki nzima. Kumbe nimevikwa kilemba cha ukoka, na ukoka wenyewe nimeukanyaga.

Jirani yangu, yule dereva wa malori aliyestaafu, ndiye aliyeinama akavuta uzi mmoja wa ukoka. Ukaja, ukaja, mpaka ukamfikisha kwenye ngazi za baraza.

"Shemeji, nyasi za kaka hapa zimebaki za kuhesabu," alisema.

Nililia mbele yake, wala sikuona haya.

Basi tangu hapo kila asubuhi nilikaa kwenye kigoda nikiung'oa. Ukikatika, kila kipande kinachipua. Nilikuwa nautukana, nikichoka nausimulia habari zenu, na jua linatua.

Mwezi uliopita jirani akaniambia dawa ni moja: tuifunike bustani yote kwa nailoni nyeusi jua hili kali, kila kitu kife, halafu tuanze upya. Kila kitu, pamoja na nyasi za marehemu. Moyo ulikataa. Mwishowe nikachagua mashina yake yaliyo safi, nikayaosha mizizi bombani nisije nikabeba na adui, nikayapanda kwenye makopo ya rangi. Yapo barazani, yameshika. Jana tukatandaza nailoni na kuibana kwa mawe.

Ila kona ya mlango wa jikoni nilimkataza asiifunike.

"Ukiuacha hapo shemeji, utarudi wote," alinionya.

Nikamwambia najua, tuuache. Sababu sikumpa, nakupa wewe. Leo asubuhi nilifungua mlango nikaiona ile nailoni, nikajua sina pa kuweka mikono yangu mpaka jioni. Nikaenda kukaa kwenye ile kona, nikang'oa kidogo, kingine nikakibakiza cha kesho. Najua ni upumbavu. Lakini tangu matanga yaishe na watu mrudi makwenu, ni ukoka tu unaonijia bila kuitwa.

Nisalimie shemeji, uwabusu pacha, na mama mkwe wako mwambie namwombea mgongo upone. Mungu awafunike kwa rehema zake, awape riziki na nafasi, na hiyo nafasi muipitishie huku kwangu hata siku chache. Msilete zawadi. Njooni tu mkae.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unapochelewa kujibu.