Mgagani Nyuma ya Nyumba

Ngagara, Bujumbura

Yaya Fortunat, kaka yangu,

Huku tuko wazima na mvua inanyesha vizuri. Kuna jambo nilikuficha: tangu tumzike Baba kule Uvira tukakimbilia huku, Mama alikuwa hali chakula. Alikunywa chai tu, mpaka nguo zikamlegea.

Miezi miwili iliyopita niliona mgagani umejiotea kando ya mto Ntahangwa. Nikachuma, nikapika. Mama akaonja, akaniangalia.

"Chanelle, iko chungu. Maji ya kwanza haukumwaga?"

"Apana, Mama."

Kesho yake alitaka twende wote. Tukakusanya mbegu, akazipanda mwenyewe nyuma ya nyumba. Jirani yetu Marguerite alitucheka kwamba tunalima magugu. Sasa anakuja na sahani kuomba.

Jana Mama alipika mwenyewe. Tulipoanza kula akasema, "Baba yenu angekuwa hapa, tungebaki na sufuria tupu." Hakuwa amemtaja tangu mazishi. Alicheka, akalia, kisha akafuta macho na kujiongezea mboga.

Anauliza utakuja lini. Safari hii ameuliza yeye, si mimi.

Mdogo wako,
Chanelle