Jina la Baba Lilipokataliwa

Kitale, Ijumaa, Julai 2007. Mvua tangu asubuhi, baridi ya Mlima Elgon, na mimi sina hamu ya kuonana na mtu.

Leo ilikuwa siku ya wazazi chuoni. Kila mwanafunzi wa Java, lugha ya kuandikia programu, alitakiwa kumkaribisha mzazi wake mbele ya watu kwa programu aliyoiandika mwenyewe: inauliza jina, inauliza umri, halafu inamsalimu. Kazi ya watoto. Mwalimu wetu, ambaye hafurahi mpaka amcheke mtu, alikuwa anatoa maksi za mwisho papo hapo.

Baba alitoka kijijini kwetu Kwanza na viatu vyake vya kanisani vimejaa matope. Hakuja kutalii. Alitaka kuiona hiyo kompyuta kabla ya kuamua kama nitaendelea muhula ujao au nitaenda Bungoma kukaa dukani kwa shangazi.

Skrini ikauliza: Jina lako nani? Wazazi wa mjini waliomtangulia waliandika neno moja, wakapewa salamu zao, wakapiga makofi. Lakini baba yangu ni Mbukusu wa zamani. Ukimuuliza jina anakupa na la baba yake, maana kwake jina la peke yake ni la mtu asiye na kwao. Akatafuta herufi moja moja kwa kidole: Yohana Wafula wa Simiyu. Akabonyeza Enter.

Maandishi mekundu yakajaa. Programu ikafa.

Mimi nilijua hapo hapo. Niliiagiza isome neno moja badala ya mstari mzima. "Yohana" likakaa kwenye jina, "Wafula" likaenda kwenye umri, na umri unataka namba. Kosa la mtu mvivu. Nilikuwa nimeijaribu kwa jina langu tu, Nekesa, nikaridhika.

Watu wakacheka. Baba akaondoa mikono kwenye kibodi haraka, akaomba msamaha. Aliiomba mashine.

Mwalimu akanigeukia. "Nekesa, shida ni programu yako ama ni mzee?"

Maksi zangu zote zilikuwa kwenye jibu hilo.

"Ni mzee," nikasema. "Ameandika vibaya."

Nilipita. Mwalimu hata aliongeza kwamba wazee wa shamba watatumalizia mashine, na wote wakacheka tena. Baba alicheka nao kidogo, kwa heshima.

Getini hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Kama hiyo kitu imekataa jina ya baba yangu, wewe unatafuta nini huko? Jumatatu uende kwa senge yako Bungoma." Senge kwetu ni shangazi.

Basi nimeuza baba nipate maksi, na maksi zenyewe nitaenda nazo dukani kupimia watu sukari.

Nimerudi maabara ya kompyuta peke yangu. Kurekebisha kulihitaji mstari mmoja. Nimeandika jina lake lote, na programu imejibu: Karibu, Yohana Wafula wa Simiyu. Ina adabu kunishinda.

Kesho naenda Kwanza kumwambia kwamba mashine haikumkataa, ni mimi. Labda atanirudisha chuoni, labda hapana. Lakini namjua, ataniuliza kwa nini sikusema pale mbele ya watu.

Nitamjibu nini?